Wastani wa Nini? Historia ya Utabiri wa Mvua katika Njia ya Nyungwe

Utangulizi

Ukikaa katika kituo cha mabasi cha Kamembe wakati wa mvua za Machi hadi Mei, utasikia swali moja likirudiwa mara nyingi. Mama aliyevuka kutoka Bukavu na mizigo yake humuuliza dereva aliyefika kutoka Huye: "Kaka, huko Pindura iko mvua?" Dereva humjibu kwa alichokiona njiani, naye mama huamua kama atapanda basi, atangoja kesho, au atazunguka kwa barabara ya kandokando ya Ziwa Kivu kupitia Karongi. Nchi za baridi zina milima ambayo njia zake hufungwa na theluji, na wasafiri wake hungoja taarifa ya hali ya hewa kabla ya kuondoka. Sisi wa Rusizi hatuna theluji. Tuna Nyungwe, na Nyungwe ina mvua, ukungu, mvua ya mawe na maporomoko ya ardhi.

Mimi ni mwenyeji wa Rusizi ninayesoma Huye, kwa hiyo njia hii naipita kila likizo. Katika insha hii sitaeleza jinsi ya kutabiri mvua, kwani hiyo ni kazi ya wataalamu wake. Nataka kueleza historia ya watu waliopewa jukumu la kuisemea mvua ya eneo hili. Hoja yangu ni kwamba utabiri hutegemea kumbukumbu: anayetaka kuijua mvua ya kesho huanza na mvua ya jana iliyohifadhiwa. Huku kwetu kumbukumbu hiyo imekatika zaidi ya mara moja, na kila mara waliokuja baadaye walibaki na pengo la kuziba.

Mlima unaogawa maji

Barabara ya kutoka Huye kwenda Rusizi hupita Nyamagabe, ikaingia msituni Kitabi, ikapanda hadi karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka kupitia Uwinka na Gisakura. Sehemu iliyo ndani ya msitu ina urefu wa takribani kilomita 50. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, ukawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,000.

Barabara hiyo inavuka mgongo wa milima unaogawa maji ya mito miwili mikubwa ya Afrika. Tone linaloanguka upande wa magharibi huteremka kuelekea Ziwa Kivu na Mto Rusizi, likafika Tanganyika na hatimaye Mto Kongo. Tone linaloanguka upande wa mashariki huingia Rukarara, Nyabarongo na Akagera, likaelekea Nile. Mjerumani Richard Kandt, aliyeishi Shangi karibu na Ziwa Kivu, aliifuata Rukarara mwaka 1898 akidai kuwa ndiyo chanzo cha Nile.

Kwa msafiri, ukweli huo una maana nyingine. Hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo na kutoka ziwani ikifika mlimani hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo maana Nyungwe hupata kati ya milimita 1,800 na 2,500 za mvua kwa mwaka, wakati Kigali hupata takribani 1,000. Bugarama, iliyo karibu mita 1,000, watu huvaa mashati mepesi. Juu ya barabara, mita 1,500 zaidi, joto linaweza kupungua kwa nyuzi tisa hivi, na abiria wote hufunga madirisha. Safari ya saa chache huvuka hali za hewa tatu. Taarifa inayosema tu kwamba "Magharibi kutakuwa na mvua" haimsaidii sana dereva, kwa sababu Magharibi ni Bugarama, tena ni Kamembe, tena ni Pindura.

Wafalme wa mvua

Kabla ya vyombo vya kupimia, eneo hili lilikuwa na mamlaka yake ya mvua. Sehemu iliyoitwa Cyangugu wakati wa ukoloni ilijulikana zamani kama Kinyaga. Kusini mwake, kuelekea milima ya Nyungwe, palikuwa na falme mbili ndogo, Bukunzi na Busozo. Wafalme wake walisifika kwa uwezo wa kuleta mvua, na sifa hiyo ilivuka mipaka yao. Baraza la mfalme wa Rwanda, lenye nguvu kubwa kuliko wao, lilikuwa likipeleka zawadi Bukunzi kwa ajili ya mvua. Kwa sababu ya heshima hiyo, falme hizi ziliendelea kujitawala kwa kiasi kikubwa hata pale maeneo jirani yalipokuwa yameingizwa chini ya machifu wa Rwanda.

Utawala wa Kibelgiji haukuweza kuuvumilia mpango huo. Mfalme Ndagano wa Bukunzi alipofariki mwaka 1923, watawala waliingilia suala la urithi, na katika miaka michache iliyofuata majeshi yaliikalia Bukunzi na kisha Busozo. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 falme zote mbili zilikuwa zimekwisha na ardhi yake imewekwa chini ya machifu.

Sidai kwamba mfalme wa Bukunzi aliweza kuamuru mawingu. Lakini mwanafunzi wa historia hapaswi kuishia kwenye swali la kama mvua ilimtii. Jambo la kuzingatia ni kwamba palikuwa na mahali panapojulikana ambapo watu walipeleka wasiwasi wao kuhusu msimu, na mtu aliyewajibika mvua ilipochelewa. Kazi kama hiyo haiwezi kufanywa na asiyetazama misimu. Anayepokea zawadi ili mvua inyeshe lazima ajue majira yake, na wazee wanaomzunguka lazima wakumbuke mwaka upi ilichelewa na kwa muda gani. Jeshi lilipomwondoa mfalme liliondoa pia daraja hilo la kumbukumbu, na hakuna kitu chochote kilichowekwa badala yake kwa mwanakijiji wa kawaida.

Kilichobaki kilikuwa simulizi. Wanyarwanda wana desturi ya kuzipa njaa majina. Wazee wakisema Rwakayihura, wanataja njaa ya miaka ya 1928 na 1929; wakisema Ruzagayura, wanataja ile ya 1943 na 1944. Majina hayo ni takwimu za hali ya hewa kwa namna yake: yanahifadhi miaka mibaya kabisa. Tatizo ni kwamba hayahifadhi miaka ya kawaida, na bila kujua kawaida huwezi kusema mwaka huu umepita kiasi gani.

Chombo na daftari

Kawaida ilianza kuhifadhiwa kwa kipimamvua. Katika kipindi cha ukoloni, upimaji wa mvua ulienea katika misheni, vituo vya utafiti wa kilimo kama Rubona, na baadaye viwanja vya ndege na mashamba ya chai. Kamembe pia ilipata kituo chake katika uwanja wa ndege.

Chombo chenyewe ni rahisi. Ni kopo lenye mdomo wa ukubwa maalumu, linalowekwa mahali pa wazi. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ya ardhi. Kinachohitajika ni mtu wa kwenda kulisoma kila siku kwa saa ileile, kuandika namba na kulimwaga. Mzee mmoja wa kwetu, aliyewahi kufanya kazi hiyo katika shamba la chai, alinieleza kwamba alisoma chombo chake saa mbili asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nilimuuliza:

"Mzee wangu, na siku isiyo na mvua ulikuwa unafanya nini?"

"Unakwenda vilevile, mwanangu. Unaandika sifuri. Sifuri ni kazi. Ukiacha wazi, anayesoma baadaye hatajua kama mvua haikunyesha au kama wewe hukuja."

Katika yote niliyosikia na kusoma kuhusu jambo hili, maelezo hayo ndiyo yaliyonisaidia zaidi. Nafasi wazi na sifuri si kitu kimoja. Sifuri ni habari. Nafasi wazi ni mtu asiyekuwepo.

Hata hivyo tusilisifu daftari kupita kiasi. Liliandikwa kwa Kifaransa, likapelekwa makao makuu, na aliyelima chini ya kilima kile hakupata jibu lolote kutoka kwake. Mfalme wa mvua alijulikana kwa sura na alidaiwa majibu na watu wake. Daftari lilikuwa na namba sahihi, lakini halikuwajibika kwa mkulima wala kwa msafiri. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa kulikuwa na aina mbili za ujuzi zisizokutana: namba zilizokusanywa bila wananchi, na uzoefu wa wananchi usioandikwa.

Nafasi wazi

Mwaka 1994 Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yaliikumba nchi nzima, na Cyangugu ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoumia sana. Watu waliuawa makanisani, Shangi na Mibirizi zikiwemo. Baadaye umati mkubwa ulivuka mpaka kuelekea Bukavu. Mbele ya vifo hivyo ni vigumu kuandika juu ya makopo ya mvua, wala sitaki kulinganisha visivyolingana. Lakini wanahistoria hutufundisha kwamba msiba mkubwa huharibu pia vitu vidogo vinavyofanya maisha yawezekane kesho yake, na hivyo navyo vinastahili kuandikwa.

Vituo vingi vya kupima mvua nchini vilinyamaza. Waliokuwa wakivisoma waliuawa au walikimbia, na vyombo viliharibiwa au kuibwa. Idadi ya vituo vilivyofanya kazi ilianguka ghafla na haikurudi upesi. Ni kuelekea mwaka 2010 ndipo mtandao ulipoanza kujengeka tena kwa kiwango cha kuridhisha. Kwa hiyo katika rekodi za mvua za Rwanda kuna takribani miaka kumi na mitano ambayo, katika sehemu nyingi, daftari ni tupu. Mvua ilinyesha miaka hiyo yote. Nafasi wazi hizo hazina maana ya ukame. Zina maana ileile aliyoniambia mzee: mtu hakuwepo.

Hapa ndipo swali la kichwa cha insha hii linapoingia. Taarifa za msimu husema kwamba mvua zitakuwa "za wastani", "chini ya wastani" au "juu ya wastani". Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za eneo letu hukutana katika kongamano la pamoja kuandaa utabiri wa namna hiyo kabla ya misimu mikuu, na kila nchi huuchambua kwa ajili ya watu wake. Lakini wastani wa nini? Kwa utaratibu wa kimataifa ni wastani wa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Msomaji ahesabu mwenyewe. Kipindi hicho kinaanza miaka mitatu kabla ya 1994 na kinabeba ndani yake miaka yote ya ukimya. Tunaposikia kwamba itumba ya mwaka huu itakuwa juu ya wastani, tunalinganisha na miaka 30 ambayo karibu nusu yake ilikosa wasomaji wa kutosha.

Kuziba pengo

Mamlaka ya hali ya hewa, Meteo Rwanda, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 2011, haikuweza kurudi nyuma na kupima mvua iliyokwisha kunyesha. Ilishirikiana na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani katika mpango uitwao ENACTS, unaotumika pia katika nchi nyingine za Afrika. Wazo lake ni kwamba wakati hapakuwa na mtu chini, palikuwa na jicho juu. Setilaiti za hali ya hewa zilikuwa zikiipiga picha Afrika tangu kabla ya 1994, mchana na usiku, na hazikuacha. Kutokana na picha hizo makadirio ya mvua yaliweza kufanywa kwa kila eneo dogo la nchi kuanzia miaka ya 1980. Kisha makadirio hayo yalisahihishwa kwa kutumia namba za vituo vilivyokuwepo kabla na baada ya pengo.

Hii ni kazi kubwa na inastahili sifa. Lakini msomaji aone jinsi ilivyosimama. Makadirio mengi ya setilaiti hupima ubaridi wa kilele cha wingu na kudhani kwamba wingu lenye kilele cha baridi sana lina mvua. Katika tambarare dhana hiyo hufanya kazi vizuri. Mlimani hewa husukumwa juu na mteremko, na mvua nzito inaweza kutoka katika wingu lisilo refu wala baridi sana. Kwa maneno mengine, mahali ambapo setilaiti huhitaji kusahihishwa zaidi ni mahali kama Nyungwe, na wa kusahihisha ni kopo na mtu anayelisoma. Teknolojia mpya haikumfukuza mzee wetu wa saa mbili asubuhi. Imemfanya ahitajike zaidi.

Ardhi nayo hukumbuka

Kuna sababu nyingine ya kumbukumbu kuwa muhimu kwa barabara hii. Mlima hauporomoki kwa mvua ya leo peke yake. Udongo hunywa maji siku baada ya siku hadi ushibe. Baada ya hapo mvua ya kawaida tu inaweza kuuangusha. Anayetaka kujua kama njia itapitika kesho anahitaji kujua kitakachonyesha usiku huu na pia kilichonyesha wiki mbili zilizopita, na anahitaji kukijua kwa kila mteremko.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 tulionyeshwa jambo hili kwa uchungu. Mvua kubwa ziliangukia wilaya za Magharibi na Kaskazini, katika milima ambayo tayari ilikuwa imelowa, na watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko, wengi wao wakiwa wamelala majumbani. Rutsiro, Karongi na Rubavu ziko kaskazini mwetu katika mgongo uleule wa milima, na Karongi iko kwenye ile barabara ambayo mama wa Bukavu huikimbilia Nyungwe inapomtisha. Msimu ukiwa mbaya, njia zote mbili huwa mbaya pamoja.

Utabiri na iteganyagihe

Kama mwanafunzi wa Kiswahili, nina neno moja la kusema kuhusu lugha. Kiswahili huita kazi hii utabiri. Neno hilo limetoka Kiarabu, ambako linahusu kufasiri ndoto, na mpaka leo tunalitumia pia kwa waganga na wanajimu. Kinyarwanda huiita iteganyagihe. Ndani yake mna kitenzi guteganya, yaani kupanga, kujiandaa, na igihe, yaani wakati au majira. Neno la kwanza humweka msikilizaji mbele ya mtu anayejua siri. Neno la pili humpa kazi ya kufanya.

Sipendekezi tulibadilishe neno utabiri. Limezoeleka, na watangazaji wa Tanzania wamelifanya liwe la kisayansi kwa miaka mingi ya kulitumia redioni. Ninachopendekeza ni maana ya iteganyagihe iingie katika utabiri wetu. Taarifa za siku na za siku kumi hutolewa Rwanda, lakini barabara ya Nyungwe si ya Wanyarwanda peke yao. Malori hutoka Dar es Salaam, huingia Rusumo, hupita Kigali na Huye, huvuka msitu na kushuka Rusizi kuelekea Bukavu. Madereva wa safari hiyo na wafanyabiashara wa Kongo wanaunganishwa na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Taarifa ya njia hii kwa Kiswahili, inayotaja Kitabi, Pindura na Gisakura kwa majina badala ya kusema "Magharibi", na inayotaja mvua iliyokwisha kunyesha pamoja na inayotarajiwa, ingemfikia anayeshika usukani. Wanafunzi wa idara za Kiswahili wanaweza kabisa kusaidia kuiandika.

Hitimisho

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nimejaribu kuonyesha kwamba kwa Rusizi dalili nyingine ya mvua ni kumbukumbu. Bukunzi ilikuwa na mamlaka iliyowajibika kwa watu, ikavunjwa kwa nguvu. Daftari la mvua lilileta usahihi bila kuwajibika kwa watu, nalo likakatwa na mwaka 1994. Leo tuna setilaiti, tuna vituo vilivyorudi na tuna wastani ulioshonwa upya. Kinachokosekana ni kuviunganisha viwili hivyo: usahihi wa namba, na mtu anayejulikana ambaye msafiri anaweza kumuuliza kisha akamrudia kesho kumwambia kama alisema kweli.

Jambo la kwanza lililo ndani ya uwezo wetu ni dogo. Shule nyingi za sekondari za Rusizi na Nyamasheke ziko miguuni mwa Nyungwe. Kipimamvua kimoja kwa kila shule, na zamu ya wanafunzi kukisoma saa mbili asubuhi, likizo zikiwemo, vingewapa wataalamu namba kutoka miteremko ambayo sasa wanaikadiria kutoka angani. Siku isiyo na mvua waandike sifuri.